Moyo Mwema Hautoshi: Haki ya Mtoto Mchanga na Mtoto Mwenye Ulemavu katika Chekechea Zetu



Parokia nyingi za nchi yetu zina chekechea, na kwa miaka mingi chekechea hizo zimekuwa msaada mkubwa kwa wazazi. Lakini haki haipimwi kwa wingi wa majengo. Hupimwa kwa jinsi anavyotunzwa yule aliye mnyonge kuliko wote. Katika vituo vyetu wanyonge hao ni wawili: mtoto mchanga, ambaye hawezi kusema, na mtoto mwenye ulemavu, ambaye hata akisema hasikilizwi. Juu ya watoto hawa twatamka waziwazi: kuwakabidhi kwa mlezi ambaye hakufundishwa ni dhuluma. Ni dhuluma kwa mtoto, na ni dhuluma kwa mlezi mwenyewe, anayebebeshwa mzigo asioandaliwa kuubeba.

Wapo wanaotujibu kwamba kulea hakuhitaji chuo, kwa kuwa mama zetu walitulea bila cheti. Ni kweli. Lakini mama zetu walilea watoto wao wenyewe, wakisaidiwa na bibi, shangazi na majirani. Hawakufungiwa katika chumba kimoja na watoto ishirini wa watu wengine tangu alfajiri hadi jioni. Kulea nyumbani ni wito wa kila mzazi. Kulea kwa niaba ya jamii nzima ni taaluma, nayo taaluma hufundishwa.

Tutazame hali halisi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Likizo ikiisha, mtoto hajatimiza hata miezi mitatu, au ndiyo kwanza ameipita. Mama anayeuza mboga sokoni hana hata siku hizo 84. Mtoto huyo ataachwa kwa nani? Mlezi wake anapaswa kujua kwamba mtoto mchanga hulazwa chali, si kifudifudi. Kwamba kitu kidogo kama punje ya mahindi chaweza kumkaba. Kwamba homa ya mtoto wa miezi miwili haisubiri kesho. Anapaswa kujua pia kwamba kumjibu mtoto anapogugumia ndilo somo lake la kwanza la lugha, na kwamba mtoto anayeachwa kitandani kutwa nzima kwa sababu "hasumbui" anaibiwa akili yake.

Mtoto mwenye ulemavu naye anahitaji ujuzi zaidi. Mwenye mtindio wa ubongo akilishwa amelala, uji waweza kuingia katika njia ya hewa na kumletea maradhi ya mapafu. Hana budi kukalishwa wima, kichwa kimeinama kidogo mbele, alishwe polepole. Asiyegeuka anapoitwa huenda si mkaidi bali hasikii. Na wakati anapochapwa kwa ukaidi usiokuwapo, miaka yake bora ya kujifunza lugha, ikiwamo lugha ya alama, inapita. Mwenye ualbino huona kwa shida, hivyo aketishwe karibu na ubao, mbali na mwanga mkali, naye asichezeshwe juani bila kofia na nguo ya mikono mirefu. Aliyezaliwa na nyayo zilizopinda hunyooshwa kwa plasta, na kazi hiyo huwa nyepesi zaidi ikianza katika majuma ya kwanza ya maisha. Weupe katika mboni ya jicho ni jambo la kukimbiza hospitali mara moja. Moyo mwema peke yake haumfunulii mtu mambo haya.

Wengine husema: "Mtoto huyu ana shule yake, mpelekeni huko." Twaheshimu kazi ya waliotutangulia. Waanglikana walianzisha shule ya wasioona Buigiri mwaka 1950, na Kanisa Katoliki likaanzisha ya viziwi Tabora mwaka 1963, wakati ambapo wengi hawakuamini kwamba watoto hao wangeweza kusoma. Lakini shule humpokea mtoto aliyefikia umri wa shule. Kabla ya hapo yuko wapi? Mara nyingi yuko chumba cha ndani, mlango umefungwa, mama ameacha kazi, majirani wananong'ona juu ya laana. Miaka ambayo mwili na ubongo hukua kwa kasi kuliko wakati mwingine wowote ndiyo miaka tunayomwacha gizani.

Tena vituo vyetu vingi vimeandika jina la Montessori mlangoni, na masista wetu wameendesha vyuo vya walimu wa njia hiyo, Lushoto na Dar es Salaam. Je, tumesahau alikoanzia daktari huyo? Maria Montessori alianza na watoto wenye ulemavu wa akili mjini Roma, na mwaka 1900 alikuwa mmoja wa viongozi wa taasisi iliyowaandaa walimu wa watoto hao. Yale aliyojifunza kwao ndiyo aliyowapelekea watoto wa maskini wa mtaa wa San Lorenzo mwaka 1907. Kumfungia mlango mtoto mwenye ulemavu chini ya kibao chenye jina lake ni kinyume kinachotupasa kukionea haya.

Serikali nayo haina udhuru. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumbagua mtoto kwa sababu ya ulemavu. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliifanya elimu ya awali kuwa ya lazima. Desemba 2021 ikazinduliwa Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayomhusu mtoto tangu kuzaliwa hadi miaka minane. Kwa maandishi, basi, mtoto mchanga anatambuliwa. Lakini sheria haimbebi mtoto mgongoni. Anayembeba ni mlezi, na mlezi huyo hajapelekwa chuoni.

Kwa hiyo twadai mambo manne. Kwanza, kila parokia yenye chekechea impeleke mlezi mmoja kwenye mafunzo ya malezi ya watoto wachanga na wenye mahitaji maalumu, kwa gharama ya parokia. Pili, vyuo vyetu vya walimu wa awali vifanye somo hilo kuwa la lazima, na wanachuo wafanye mazoezi katika wodi za watoto, si ubaoni tu. Tatu, Serikali ikitumie Chuo cha Patandi, kinachoandaa walimu wa elimu maalumu, kutoa kozi fupi kwa walezi wa vituo vya mchana. Nne, mlezi aliyefundishwa alipwe ujira wa haki. Kanisa limefundisha juu ya ujira wa haki tangu waraka Rerum Novarum wa mwaka 1891. Ni fedheha kuuhubiri kwa matajiri na kuuvunja katika chekechea ya parokia.

Mtasema fedha hakuna. Lakini fedha hupatikana tunapotaka kuezeka ukumbi, kushona vitenge vya jubilei na kununua vipaza sauti. Hatupingi mambo hayo. Twauliza tu kipi kitangulie. Basi Halmashauri ya Walei iliweke jambo hili katika bajeti ya mwaka ujao. WAWATA na viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo wapite nyumba kwa nyumba, bila kelele na bila kuaibisha mtu, wawatambue watoto waliofichwa. Na siku mama atakapofika mlangoni na mtoto asiyeketi wala kusema, awepo ndani mtu anayejua namna ya kumpokea.