Bodi ya Tramu Juu ya Matairi: Uhifadhi au Usahaulifu?

Wahenga walinena kuwa nguo ya kuazima haisitiri maungo. Ukweli wa methali hii hudhihirika katika mitaa ya San Francisco, jimbo la California nchini Marekani, ambako mgeni huweza kukutana na magari mawili yanayofanana kama shilingi kwa ya pili. Gari la kwanza hupita juu ya reli, likivutwa na kebo ya chuma inayokwenda chini ya barabara. Gari la pili lina bodi ya mbao kama ya mwenziwe, kengele kama yake na mabenchi yanayotazama nje. Ila chini yake mna injini, chesisi ya lori na matairi ya mpira. Aghalabu watalii huyapiga picha yote mawili bila kuuliza tofauti. Hata hivyo, swali lipo: je, gari hili la pili ni urithi uliohifadhiwa, ama ni lori lililovishwa nguo ya tramu?

Ili kulijibu swali hili, ni sharti chanzo cha tramu zenyewe kieleweke. Mnamo Agosti 1873, Andrew Hallidie, Mwingereza aliyekuwa mtengenezaji wa kamba za waya, alilijaribu gari lake la kwanza katika mteremko wa mtaa wa Clay. Mji ule umejengwa juu ya vilima vikali, na farasi waliokuwa wakivuta magari ya abiria walitaabika mno kuvipanda. Hallidie aliweka mtambo mahali pamoja, mtambo ukazungusha kebo ndefu isiyokoma, na gari likaishika kebo hiyo kupitia mwanya ulioachwa katikati ya reli. Gari lenyewe halina injini. Likiishika kebo, huenda. Likiiachilia na kufunga breki, husimama. Mwendo wake hauzidi ule wa kebo, yaani takriban kilomita 15 kwa saa.

Ndiposa moyo wa tramu hii si bodi yake bali ni mtu anayesimama katikati na kuukamata wenzo wa kushikia kebo. Kazi yake yahitaji nguvu, na yahitaji busara zaidi. Hana budi kujua ni wapi kebo hukutana na kebo nyingine, aiachilie kwa wakati wake na kuishika tena baada ya kuvuka. Kuna breki za magurudumu. Kuna vipande vya mbao laini vinavyokandamizwa juu ya reli, ambavyo huliwa upesi na hubadilishwa kila baada ya siku chache. Tena kuna kabari ya chuma inayozamishwa katika mwanya wa barabara wakati wa hatari. Kabari hiyo huweza kukwama kwa nguvu kiasi kwamba mafundi hulazimika kuikata kwa moto. Si ajabu basi kuwa ilichukua hadi mwaka 1998 kwa mwanamke wa kwanza, Fannie Mae Barnes, kufuzu mafunzo ya kazi hiyo katika mji ule. Ujuzi wa namna hii haupatikani kitabuni. Hupokezwa mkono kwa mkono.

Tetemeko la ardhi la mwaka 1906 liliharibu sehemu kubwa ya njia za kebo, na tramu za umeme zikachukua nafasi ya nyingi kati yake. Baadaye mabasi nayo yakaja. Mnamo mwaka 1947 meya wa mji, Roger Lapham, alipendekeza tramu zilizosalia katika njia za Powell ziondolewe na mabasi yashike mahali pake. Hoja yake ilikuwa ya kifedha: tramu ni kongwe na gharama yake ni kubwa. Wananchi hawakukubali. Friedel Klussmann aliongoza kamati ya kuzitetea, suala likapelekwa kwenye kura mwezi wa Novemba mwaka huo huo, na zaidi ya watu 166,000 wakaunga mkono tramu dhidi ya takriban 51,000 waliopinga. Yafaa kuzingatiwa kwamba watu wale hawakupiga kura ili mabanda ya mbao yahifadhiwe. Walipiga kura ili tramu ziendelee kwenda.

Hata hivyo, ushindi ule haukuwa kamili. Kampuni ya binafsi iliyomiliki njia za mtaa wa California ilisitisha huduma mwaka 1951 baada ya kulemewa na gharama ya bima, na mji ukazinunua njia hizo mwaka uliofuata. Mwaka 1954 njia ya California ikafupishwa, nayo njia ya O'Farrell, Jones na Hyde ikafungwa. Magari yakabaki bila reli. Mengine yaliuzwa, na miongoni mwa yaliyouzwa, kadhaa yalipandishwa juu ya chesisi za malori. Kuanzia hapo yakawa yakitembea popote palipo na lami, yakitangaza bidhaa, yakisindikiza maharusi na kuwazungusha watalii. Biashara ilipostawi, mafundi hawakungoja tena bodi za zamani; waliunda mpya kwa kuiga sura ile ile.

Ufundi wenyewe hautakuwa mgeni kwa msomaji wa Kenya. Mafundi wa Nairobi na Thika wamejenga bodi nyingi za matatu juu ya chesisi za malori. Tofauti ni kuwa bodi ya matatu husanifiwa kwa ajili ya chesisi yake, ilhali bodi ya tramu ilisanifiwa kwa ajili ya reli. Kwa hiyo fundi huondoa magurudumu ya chuma, mtambo wa kushikia kebo na breki za mbao. Pale kati alipokuwa akisimama mshika kebo hapana kazi tena, maana dereva hana budi kukaa mbele nyuma ya usukani. Kwa ufupi, kila kilichoifanya tramu kuwa tramu hutolewa, na kilichobaki ni umbo.

Wapo wanaoutetea ugeuzaji huu, na hoja zao hazifai kupuuzwa. Kwanza, wao husema heri nusu shari kuliko shari kamili. Bodi iliyopandishwa juu ya lori haikuoza mvuani wala haikupasuliwa kuwa kuni. Pili, kutumia tena kitu kilichochakaa ni desturi ya busara. Mji huo huo wa San Francisco una mfano wake: mwaka 1895 magari ya abiria yaliyokuwa yakivutwa na farasi yaliuzwa kwa dola 20 yakiwa na viti, au dola 10 bila viti, na wanunuzi wakayageuza kuwa nyumba na mikahawa karibu na ufuo, katika kijiji kilichopata jina la Carville. Tatu, husemwa kuwa mtoto aliyepanda gari la matairi huenda akavutiwa kuitafuta tramu ya kweli.

Hoja ya Carville ndiyo yenye uzito zaidi, lakini ikichunguzwa huwageukia wenyewe. Aliyelala ndani ya gari la farasi kule ufuoni hakudai kuwa anasafiri. Gari lilikuwa limekuwa nyumba, na kila mtu alijua hivyo. Bodi ya tramu juu ya matairi haina uwazi huo. Hujidai kuwa bado ni kile ilichokuwa, na kwa kujidai hivyo huwapa watawala kisingizio: kwa nini fedha zitumike kutunza reli, kebo na mafundi, ikiwa sura ile ile yaweza kuonekana mjini kwa gharama ya lori moja? Abiria wa mtaa wa O'Farrell aliyezoea kupanda tramu kwenda kazini hakurudishiwa njia yake na gari la kutangazia bidhaa. Aliyerudishiwa kitu ni mtalii. Asiyekuwapo na lake halipo, na katika biashara hii asiyekuwapo ni abiria wa kila siku.

Hata lugha huathirika. Katika Kiingereza cha Marekani, neno 'trolley' lilihusu kifaa kilichogusa waya wa umeme juu ya gari, kisha likawa jina la gari lenyewe. Leo, katika miji mingi ya nchi ile, jina hilo limebandikwa mabasi ya injini yenye mabenchi ya mbao na kengele, yasiyo na waya wala reli. Neno limebaki, kitajwa kimeondoka. Mwanafunzi wa semantiki atasema kuwa maneno hupanuka maana, na hakika hupanuka. Lakini pana tofauti kati ya neno linalopanuka kwa kuwa jamii imepata kitu kipya, na neno linalobakizwa ili jamii isitambue kuwa imepoteza kitu.

Jambo hili haliko mbali na pwani ya Kenya. Tangu mwishoni mwa karne ya 19 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1920, Mombasa ilikuwa na matroli yake: vigari vidogo vyenye paa la turubai, vilivyopita juu ya reli nyembamba kutoka upande wa Mji wa Kale hadi Kilindini. Maafisa wa kikoloni na matajiri walikaa kivulini juu ya viti. Vigari hivyo havikuwa na injini, wala kebo, wala farasi. Vilisukumwa na wanaume waliokimbia nyuma yake juani. Magari ya petroli yalipoenea, matroli yakakoma.

Tuseme leo mfanyabiashara angeunda troli la kuigiza, aliwekee injini na matairi, na kuwazungusha wageni kutoka Fort Jesus. Lingependeza macho, bila shaka. Turubai lingekuwapo, viti vingekuwapo, na yamkini jina lingeandikwa ubavuni kwa rangi ya dhahabu. Asiyekuwapo angekuwa yule msukumaji. Injini ingekuwa imemfuta, na mtoto wa shule angeteremka akiamini kuwa zamani za ukoloni zilikuwa zama za matembezi ya raha. Hapa ndipo hatari ya bodi bila kazi yake inapoonekana wazi. Umbo huhifadhi starehe ya aliyeketi. Kazi ndiyo inayohifadhi kumbukumbu ya aliyetoa jasho, awe mshika kebo wa San Francisco ama msukumaji wa Mombasa.

Makala haya hayasemi kuwa magari ya matairi yapigwe marufuku. Mwenye kuyapanda na ayapande, na mwenye kuoana ndani yake na apate heri. Kinachodaiwa ni kwamba yasiitwe uhifadhi. Uhifadhi una sura yake, nayo San Francisco imeionyesha pia. Mwaka 1957 sehemu ya njia ya Hyde iliunganishwa na ile ya Powell, na hadi leo tramu za kebo huipanda. Kati ya Septemba 1982 na Juni 1984 mfumo wote ulifungwa ili reli na mitambo ijengwe upya, jambo lililogharimu mamilioni ya dola. Gari namba 42, lililowahi kuhudumu katika njia iliyofungwa ya O'Farrell, Jones na Hyde, lilirudishwa mjini baada ya miaka mingi, likatengenezwa na kuwekwa tena juu ya reli. Lilirudi likiwa na mtu wa kuishika kebo.

Basi wanaopanga kuhifadhi cho chote cha kale, iwe ni gari, ngoma au jahazi, wajiulize kwanza ni nani aliyekuwa akikifanyia kazi, na ni nani aliyekitumia katika maisha yake ya kila siku. Wawili hao wakipatikana, hata ubao ukioza, ubao mwingine utachongwa. Wakikosekana, rangi mpya na kengele havitafaa kitu. La kuvunda halina ubani.