Mwache achore bamia kabla hujamwambia aile

Mzazi mwenzangu, ukipata nafasi fungua kitabu cha watoto cha kupaka rangi, hivi vinavyouzwa kwenye maduka ya vifaa vya shule. Kwenye kurasa za mboga, mara nyingi utakuta brokoli na mboga nyingine ambazo gengeni kwetu hazipo. Mtoto anaipaka brokoli rangi ya kijani vizuri kabisa. Jioni ukimwekea mlenda mezani anauliza, "Hii nini?" kisha anasukuma sahani pembeni.

Mtoto mdogo huogopa chakula asichokizoea, na hofu hiyo huwa kali zaidi kati ya miaka miwili na sita. Wataalamu wa lishe wanasema mtoto anaweza kuhitaji kuonjeshwa mboga ileile mara nane, kumi, hata zaidi, ndipo aikubali. Wengi wetu tunachoka mara ya tatu na kuanza rushwa: "Maliza mchicha nikupe soda." Somo analolipata mtoto hapo ni kwamba mchicha ni adhabu na soda ni zawadi.

Tukikata tamaa mapema, anayeumia ni mtoto. Mchicha, matembele, kisamvu, karoti na viazi lishe vya rangi ya chungwa huipatia familia vitamini A kwa bei tunayoimudu. Vitamini hiyo ikipungua sana mwilini, mtoto hupata shida ya kuona gizani na maradhi humwandama.

Ndiyo maana leo nazungumzia rangi na karatasi. Anayechora mboga huishika, huigeuza, huinusa na kuihesabu pembe, na hakuna mtu aliyemsimamia na kijiko. Huko nako ni kuizoea. Ila iwe mboga ya jikoni kwenu, wala huhitaji kununua kitabu.

Anza na mihuri. Chukua bamia zile zilizokomaa zikawa na nyuzi, ambazo hata hivyo huzipiki. Zikate kwa upande, uchovye kwenye rangi na ugandamize kwenye karatasi: utapata ua lenye pembe. Kitunguu kilichokatwa katikati hutoa duara ndani ya duara. Kile kitako cha chainizi unachokitupa ukishakata majani hutoa umbo la waridi. Hoho iliyoanza kusinyaa nayo ina umbo lake, mwache mtoto aseme limefanana na nini. Kwa namna hii hakuna chakula kinachoharibika, na mtoto anaona kwamba ndani ya mboga mna mambo.

Rangi nazo zinapatikana jikoni. Bizari ya manjano ikichanganywa na maji kidogo hutoa njano kali, kwa hiyo mvalishe nguo kuukuu maana doa lake halitoki kirahisi. Bitiruti iliyokunwa na kukamuliwa hutoa nyekundu ya zambarau. Mchicha uliotwangwa na kuchujwa hutoa kijani, na mkaa uliosagwa hutoa nyeusi. Ukibahatika kupata kabichi ya zambarau, chemsha majani machache na ugawe maji yake kwenye vikombe viwili. Kimoja kamulia limau, kingine tia magadi kidogo. Cha limau kitageuka kuwa cha waridi, cha magadi kitaelekea bluu au kijani. Watoto wa darasa la tatu na kuendelea watataka urudie mara tano.

Kwa kazi za karatasi, tafuta kalenda za zamani, majalada ya madaftari, magazeti na maboksi. Karoti ni karatasi iliyokunjwa kama pakti ya karanga na kupakwa rangi ya chungwa, juu yake ukabandika vipande vyembamba vya kijani. Muhindi ni kipande cha boksi kilichobandikwa vidonge vya karatasi ya njano, kisha ukafungwa kwa maganda halisi ya muhindi. Gundi pika mwenyewe: koroga vijiko viwili vikubwa vya unga wa ngano kwenye nusu kikombe cha maji baridi, weka kwenye moto mdogo na uendelee kukoroga mpaka iwe nzito. Iache ipoe ndipo umpe mtoto.

Wakubwa wape kazi ya sura. Mchoraji wa Italia, Giuseppe Arcimboldo, alichora watu kwa kupanga matunda na mboga. Yapata mwaka 1591 alimchora mfalme mkuu Rudolf wa Pili hivyo hivyo: pua ni tunda la pea, kope za juu ni maganda ya njegere. Waambie wanao wakate picha za mboga au wazichore wenyewe, kisha watengeneze uso wa babu. Nyanya chungu zinafaa kuwa macho, na biringanya inafaa kuwa pua. Babu mwenyewe akiuona atacheka.

Mambo matatu ya kuangalia. Kisu na wembe vishikwe na mtu mzima. Pilipili kali isiwe miongoni mwa mboga za kuchezea, kwa sababu mikono ya watoto haichelewi kufika machoni. Na kwa walio chini ya miaka mitatu, weka mbali maharage, njegere na mahindi makavu, maana vitu vidogo vidogo huishia puani au kooni.

Jambo la nne linatuhusu sisi wenyewe: tusisahihishe. Mtoto akipaka karoti rangi ya zambarau, usimnyang'anye penseli. Karoti za kwanza kulimwa, huko Asia ya Kati, zilikuwa za zambarau na za njano; hii ya rangi ya chungwa ilikuja kuenea baadaye kutoka Ulaya. Muulize tu, "Na majani yake yakoje?" Hapo ataichukua karoti na kuitazama upya.

Siku hiyohiyo ipike mboga aliyoichora. Mwekee kidogo, kijiko kimoja, pembeni ya ugali au wali wake, kisha endelea na mazungumzo mengine. Usimwambie, "Si umeichora, haya kula." Akiilamba na kuiacha, hiyo imehesabiwa. Kesho kutwa mwekee tena, na ile picha ibandike ukutani karibu na anapokaa kula.

Tukutane wiki ijayo.