Mkahawa wa Jumba la Sanaa: Baraza au Kizuizi?

Ndugu walimu, kila siku ya kazi naondoka Nakivale alfajiri kwa teksi ya abiria, napitia Kabingo hadi Mbarara, safari ya kiasi cha kilomita 60. Nifikapo mjini napita katika jumba moja la sanaa, ambalo jina lake nalisitiri. Mna ukumbi wa maonyesho, na pembeni mwa ukumbi mna mkahawa. Humo nanywa kikombe kimoja kabla ya kwenda kufundisha, na humo ndimo yalimozaliwa malalamiko haya.

Mwezi uliopita niliwakuta vijana wanne wa makazi yetu wameketi ngazini, nje, na umande haujakauka. Walikuja kufanya mazoezi ya mchezo wao wa kuigiza, mchezo wa Kiswahili. Walipoingia mkahawani kungoja zamu yao, waliambiwa kwamba viti ni vya wanunuzi. Bei ya kikombe kimoja hapo yakaribia nauli ya kurudi kwetu. Basi wale wenye sanaa wakakaa nje, na wasio na sanaa wakakaa ndani, mimi nikiwa mmoja wao.

Wapo miongoni mwetu wasemao kwamba kosa ni kuuweka mkahawa katika jumba la sanaa, kwani sanaa na biashara ya vikombe havipatani. Hoja hiyo naikataa. Katika mwambao wetu kahawa chungu hunywewa barazani kwa vikombe vidogo, kwa kashata, na hapo hapo shairi hupimwa, habari huchujwa na lugha hunolewa. Unguja, Ngome Kongwe ina ukumbi wa wazi wa maonyesho na mahali pa kunywa ndani ya kuta zile zile, wala sanaa haijafa kwa hilo. Liwali wa Makka alipopiga marufuku kahawa mwaka 1511, na Mfalme Charles wa Pili wa Uingereza alipotaka kufunga mikahawa mwishoni mwa 1675, kisha akarudi nyuma baada ya siku chache, hofu yao haikuwa buni. Waliogopa watu walioketi pamoja wakazungumza.

Kwa hiyo ubaya haumo katika kuuza kahawa. Ubaya ni kuuza kiti. Wenye jumba watajibu kwamba wana kodi na umeme wa kulipa, na katika hilo wasema kweli. Na wauze kwa bei yao kwenye meza zao. Lakini benchi moja ukutani na birika moja la kahawa ya bei ndogo havitamfilisi mtu. Uganda ni miongoni mwa nchi za Afrika zinazouza nje kahawa nyingi kabisa, na robusta ni mmea wa asili wa misitu yetu. Buganda na Buhaya mgeni hupewa buni atafune, kwa heshima. Itakuwaje basi kahawa, iliyokuwa alama ya ukaribisho, igeuzwe kuwa kizuizi mlangoni?

Jambo hili latuhusu sisi walimu kuliko wengine. Kiswahili kilitangazwa kuwa lugha ya taifa la Uganda mwaka 1973. Mwaka 2005 Katiba ilirekebishwa, kikawa lugha rasmi ya pili. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Hatuna upungufu wa matangazo. Tulichopungukiwa ni mahali pa kuketi na kukisema. Mwanafunzi wangu mjini ataja ngeli zote bila kukosea, lakini akikutana na mtu wa kumwamkia kwa Kiswahili, ulimi wamganda.

Na wasemaji hawako mbali. Nakivale, makazi yaliyofunguliwa 1958, ina Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia na Waeritrea, na sokoni wengi wao hukutana katika Kiswahili. Kwa jirani yangu Mwethiopia buni hukaangwa mbele ya mgeni, kahawa ikamiminwa mara tatu, na ile ya tatu huitwa kwa jina linalotujia masikioni kama letu: baraka. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 yawapa wakimbizi ruhusa ya kusafiri na kufanya kazi. Kilichowazuia vijana wale ngazini si sheria ya nchi, ni bei ya kikombe.

Sisi nasi hatuna usafi wa kuwanyoshea wenye jumba kidole. Mara ngapi tumekicheka Kiswahili cha Mkongo, tukakiita kibovu, huku wanafunzi wetu hawana hata hicho kibovu?

Napendekeza mambo matatu. Chama chetu kiwaendee wenye majumba ya sanaa, kiwaombe benchi na birika. Gharama ya buni tuichange sisi wenyewe. Na kila mwalimu afike na wanafunzi wawili, walau asubuhi moja kwa juma, waketi na wageni, wazungumze.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni amekwisha kuja, naye yuko ngazini. Tumfungulie.