Diski mbili nyumbani, ya tatu kwa ndugu

Familia nyingi sasa zinaweka picha za ndoa, diploma za watoto na karatasi za kiwanja katika kisanduku kimoja kilichounganishwa na Wi-Fi ya nyumba. Kisanduku chenyewe ni ganda tu; mali yetu inakaa ndani ya diski. Basi tuzichague vizuri.

Tununue diski mbili za ukubwa mmoja, zilizotengenezwa kufanya kazi usiku na mchana, kama WD Red Plus au Seagate IronWolf. Tumuulize muuzaji kama ni CMR. Akisema SMR, tuiache: siku diski moja ikifa, kujaza ile mpya kunaweza kuchukua muda mrefu sana. Diski mbili za tera 4, moja ikiwa kioo cha nyingine, zinatupa nafasi ya tera 4, si 8, kwa sababu kila picha inaandikwa mara mbili. Moja ikiharibika, nyingine inaendelea na kazi.

Lakini kioo hakizuii mwizi, radi, wala mtoto anayefuta picha. Tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka, watu wa Goma walikimbia usiku na kile walichoweza kubeba. Kwa hiyo tuwe na diski ya tatu, tuijaze kila mwezi, na ikalale kwa ndugu wa mbali. Kama feza ni kidogo, tununue za tera 2, lakini ziwe tatu.