Uzito wa Kostiki Soda Usikudanganye

Ikiwa wewe ni miongoni mwa wale wanaojipatia riziki kwa kutengeneza sabuni nyumbani, hebu litazame kopo lako la kostiki soda. Je, kifuniko chake kinabana sawasawa?

Kostiki hupenda maji kupita kiasi. Ukiiacha wazi, hunyonya unyevu ulio hewani, chembe zake zikagandana na hatimaye zikawa majimaji. Mjini Mombasa, ambako hewa ina unyevu mwingi, mambo haya hutokea upesi. Isitoshe, hunasa kaboni dioksaidi iliyo hewani na kugeuka pole pole kuwa soda ya kufulia. Gramu 40 za kostiki zikigeuka zote, utapata gramu 53 za soda ya kufulia iliyo kavu. Uzito umepanda, lakini kostiki imekwisha!

Hapo ndipo hasara huingia. Unapima gramu 100 kama kawaida, kumbe sehemu yake ni maji na soda ya kufulia, ambayo haigeuzi mafuta kuwa sabuni. Sabuni hubaki laini na yenye mafuta, na mteja harudi. Nawe ukiongeza kostiki kwa kukisia, waweza kuchoma ngozi za watu.

Soda ya kufulia nayo ina kioja chake. Ile ya vipande ving'avu imebeba maji yanayozidi nusu ya uzito wake. Ikikaa wazi mahali pakavu, maji hutoka na vipande vikawa unga mweupe: gramu 286 hushuka hadi gramu 124. Wanafunzi wa kemia wakumbuke kwamba kilichopotea ni maji tu. Kwa hivyo, gramu kwa gramu, unga huo una nguvu kuliko vipande. Punguza kipimo unapofua.

Ufanyeje basi? Nunua kostiki ya kutosha kazi iliyopo. Itakayobaki, itie katika kopo la plastiki gumu lenye kifuniko cha kubana, uandike jina lake, na uliweke mbali na watoto. Usitumie sufuria ya alumini, kwa kuwa kostiki huila. Unapochanganya, tia kostiki ndani ya maji, kamwe usimwage maji juu ya kostiki. Na ukiikuta imelowa au kugandana, usiipimie sabuni, hata kama mizani inaonyesha uzito ule ule unaoutaka.