Ligi ya mabasi njia ya Tabora: farasi wanahesabiwa, tairi zimesahaulika

Jioni yoyote pale Itigi, washkaji wakishakaa kando ya lami na soda zao, haipiti nusu saa bila ubishi wa mabasi. Huyu timu Scania, yule timu Mchina. Simu zinatolewa, video zinaanza: chuma kimoja kinampita mwenzake, mshale wa spidi umeshavuka 100, nyuma abiria wanapiga kelele "kanyaga twendee!", na suka mmoja, jina liachwe, anatabasamu kwenye kioo kama kashinda Monaco.

Ubishi wenyewe mtamu, usiubeze. Kampuni ndiyo timu, suka ndiye staa, na vijana wa Itigi wanajua kwamba kwenye K310, K360 na K410 namba ile ni nguvu za farasi. Wanazijua kuliko namba zao za NIDA. Wa upande wa pili nao wana majibu: Yutong na Zhongtong za siku hizi zinavuka farasi 300, injini iko nyuma, ndani kumetulia, bei nafuu kwa tajiri. Hapo watu wanaweza kukesha.

Ila kuna kitu hakisemwi. Sheria inamtaka basi la abiria mwisho 80 kwa saa, na kwenye makazi mwisho 50, na LATRA wana VTS ya kufuatilia. Sasa kwenye 80, juu ya lami tambarare ya kutoka Itigi kwenda Chaya, farasi 310 na farasi 410 wanafika pamoja. Farasi wa ziada wana kazi yao Sekenke au Kitonga, basi limejaa na mlima umesimama. Huku tambarare injini inakuwa silaha ya ligi siku ile tu suka anapoamua kuvunja sheria. Kwa hiyo anayeshangilia injini kwenye njia hii, akubali asikubali, anashangilia hilo.

Na anaokoa nini? Manyoni hadi Tabora ni kama kilomita 260. Hata ukimpa barabara tupu, bila kijiji, bila ng'ombe, bila trafiki, kwa 80 anatumia saa tatu na robo. Kwa 110 anaokoa dakika 53. Kwa dakika hizo, basi linabeba karibu mara mbili ya ile nguvu ya kugonga iliyokuwepo kwenye 80, na kabla suka hajagusa hata breki, sekunde moja na nusu tu ya kushtuka imeshakula mita 46.

Wengine wanaleta habari za Formula 1, eti na bodi mpya zimechongwa kukata upepo. Jamani! Gari la Formula 1 halifiki hata tani moja, na mabawa yake yanaligandamiza chini, ndiyo maana kona linaipita kwa spidi ya kutisha. Basi ni sanduku la tani 15 na kitu, kimo kirefu, mizigo tumboni na watu juu. Upepo haulishiki chini, unalisukuma ubavuni, na wanaopita uwanda ule kiangazi wanaujua upepo wa Singida. Tena kutoka 80 kwenda 110, nguvu inayotakiwa kupambana na hewa inazidi mara mbili na nusu. Dizeli hiyo analipa tajiri, halafu Jumatatu anauliza mafuta yameenda wapi.

Tairi sasa. Hapa ndipo timu za njia hii zinapotofautiana kweli, na hakuna anayepost. Mbio za Formula 1 ni kama kilomita 305, na lami ikiwa kavu kanuni inamlazimisha dereva kubadili tairi angalau mara moja. Dar hadi Kigoma ni zaidi ya kilomita 1,200, na tairi ni zilezile, juani, na mzigo ambao mwingine haukupimwa. Tairi yenye upepo pungufu inajikunja kila inapozunguka, inachemka kwa ndani, mpaka inapasuka. Ikipasuka ya mbele kwenye 110, hakuna Scania wala Mchina, kuna usukani uliomtoka mtu mikononi.

Na tairi inasomeka, haihitaji fundi. Ubavuni tafuta DOT, angalia tarakimu nne za mwisho: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kuna na herufi ya spidi: K ni 110, L ni 120, M ni 130, na hapo ni tairi nzima, upepo sawasawa, mzigo halali. Kipara hicho hakina haja ya kusomwa, kinaonekana kwa macho.

Lawama zote zisimwangukie suka, maana ligi ina hela ndani yake. Abiria wa njiani anapanda basi linalotangulia. Mabasi mawili yakiondoka Manyoni yamefuatana, atakayetia mguu Itigi kwanza ndiye anaondoka na waliosimama, na wa pili anakuta maganda ya karanga. Lakini mwenye simu aliyekaa siti ya mbele anarekodi na kumwita suka "mwamba", yeye halipwi hata mia. Nauli katoa mwenyewe.

Siku basi likisimama Itigi, kuna kitu cha kurekodi ambacho kinamaliza ubishi wa timu ipi ni timu. Nyuma tairi zimekaa pachapacha, na ile ya ndani ikiisha upepo ya nje inaificha, abiria haoni kitu. Kuna mabasi ambayo utingo anashuka na nyundo, anazigonga moja moja akisikiliza mlio, hadi ya ndani. Na kuna mabasi ambayo utingo anashuka kununua mahindi.