Saba Saba ya Kamukunji Nayo Ni ya Kiswahili

KUTOKA SOWETO WEST
Na Amina Odhiambo

Jumatatu ya Julai 7, 2025, mwenye duka jirani yangu hakufungua mlango. Mafuta ya kupima alitupitishia kwenye tundu la wavu, huku sikio lake liko barabarani. Matatu hazikuwapo, njia za kuingia mjini polisi walikuwa wameziziba kwa seng'enge. Mwanawe, aliyekalia gunia la maharagwe, akauliza kuna nini. "Leo Saba Saba," baba akamjibu, kama mtu anayetaja mvua.

Tarehe hiyo ina wenyewe wengi. Japani watu huandika dua kwenye vikaratasi na kuvitundika kwenye mianzi, ndiyo sherehe yao ya Tanabata. Usiku wa Julai 7, 1937, wanajeshi wao walirushiana risasi na Wachina penye daraja la Marco Polo, karibu na Beijing, na vita vilivyofuata havikwisha hadi 1945. Tanzania ni sikukuu, kwa kuwa chama cha TANU kilizaliwa siku hiyo mwaka 1954. Kutokana na TANU hiyo hiyo, UNESCO mwaka 2021 ikaitangaza tarehe hiyo kuwa Siku ya Kiswahili Duniani.

Yetu sisi Wakenya ni ya 1990. Wanasiasa Kenneth Matiba na Charles Rubia walidai vyama vingi, wakaitisha mkutano uwanja wa Kamukunji, Nairobi, wakatiwa ndani siku tatu kabla. Watu wakaenda bila wao. Wasiopungua 20 waliuawa katika ghasia zilizofuata. Desemba 1991 kifungu cha 2A cha katiba kikafutwa, na utawala wa chama kimoja ukaishia hapo. Kila mwenye kadi ya chama leo, hata huyo anayetutandazia seng'enge, anakula jasho la siku ile. Na Saba Saba hiyo ya seng'enge ya 2025, tume ya taifa ya haki za binadamu ilihesabu waliokufa zaidi ya 30.

Walimu wetu huandaa mashairi na ngonjera za Siku ya Kiswahili, na watoto hupendeza kweli. Ila mimi sijasikia hata ubeti mmoja unaotaja Kamukunji. Kwani wale vijana wa 1990 walipaza sauti kwa lugha gani? Kijaluo cha nyanya yangu?

Mwalimu unayenisoma, Julai ijayo mpe mtoto mmoja ubeti wa Kamukunji. Yule wa gunia la maharagwe bado hajajibiwa. Mandazi ya siku hiyo nitaleta mimi.